Hakuna Aliyevunjiwa, Wamepangwa

Siku walipovunja vibanda vya Mkuyuni, gari la matangazo la jiji lilipita likisema wafanyabiashara wadogo "wamepangwa vizuri". Mama alikuwa amekalia gunia lake la dagaa, mbao za kibanda chake zimelala mtaroni. Alicheka kwa pua. Mjini hapa ukimwambia mtu "usinipange", maana yake usinidanganye. Ndani ya gari lile inaelekea hakukuwa na hata mmoja anayeongea na watu.

Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, nimejiunga na kikundi cha washairi wa mapambano. Jumapili tulipanda mawe ya Ilemela tukasomeana habari za minyororo na mabeberu. Mkuyuni sijawahi kusikia mtu akitaja mnyororo, labda wa mbwa. Kiongozi wetu, aliyekuwa na sauti nene wakati wa kusoma tu, alikunja uso alipofika kwenye shairi langu.

"Kamanda, 'wamevunja kibanda cha mama, dagaa wamemwagika'? Hiyo lugha ya sokoni. Weka 'dhuluma'. Weka 'madhila'."

"Madhila yanapimwa kwa kopo kama dagaa?" nilimuuliza.

Hakucheka. Wanamapambano hawacheki.

Kisha tukaalikwa kusoma kwenye ufunguzi wa soko jipya la kuwahamishia akina Mama, na ofisa mmoja wa jiji akataka kuyaona mashairi kwanza. La kiongozi, lenye "mng'oeni dhalimu" mara tatu, alilipitisha huku akipiga miayo. "Fasihi safi." Kwenye langu kalamu ilisimama.

"Wamevunja? Nani kavunja? Hapa hakuna aliyevunjiwa, kijana. Wamepangwa. Andika wamepangwa." Akanitazama. "Mama yako si yule wa dagaa? Meza za mbele bado tunagawa."

Nilitoka na karatasi yangu. Mama aliitaka meza ya mbele, inayotazama barabara. Kule nyuma hapiti mteja. Labda ofisa aliuliza tu. Lakini maofisa huwa wanauliza tu? Nikibadilisha, mimi ni kibaraka. Nisipobadilisha, Mama atamuuzia nani? Na je, kibaraka wa neno moja ni kibaraka kamili? Nilimweleza Mama yote, pamoja na hilo la mwisho.

"Soma anachotaka," alisema. "Mimi nataka meza."

Siku ya ufunguzi kiongozi alikata minyororo yote. Wageni rasmi walipiga makofi kwa adabu; wanawake waliendelea kuchambua dagaa. Nikasimama mimi, nikakunjua karatasi:

"Wamempanga mama, wamempanga jirani,
wametupanga sote, mchana kweupe."

Ofisa alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Kisha kicheko kikaanzia kwenye nyanya, kikafika kwenye mitumba.

"Rudia hapo, mwanangu! Walitupanga vipi?"

"Wametupanga, shoga yangu, tukapangika!"

Mikono ya ofisa ilibaki hewani. Neno lilikuwa lake, kalamu ilikuwa yake.

Jioni meza ziligawiwa. Ya Mama ilikuwa ya mwisho kabisa, imeegemea ukuta wa choo. Nilianza kuomba msamaha, akanisogeza pembeni, akamwendea ofisa mbele ya watu wote, akapiga goti kidogo kama wanavyosalimia wanawake wa kwao.

"Asante, baba. Umenipanga vizuri sana."

Na yeye, wageni wakiwa bado wamemzunguka, ikabidi ajibu:

"Karibu, mama."