Dunia Pacha Alizotutafsiria Mjomba

Mdogo wangu ndiye aliyeanza. Alinipigia simu kutoka Arusha, hata salamu hazijatimia, akasema, "Dada, nimeipata!"

"Umepata nini? Mchumba?"

"Lifti!"

Nikajua papo hapo. Utotoni mwetu, Ngamiani, tulikuwa na tamthilia moja tu ya mambo ya sayansi, nayo ilikuwa kwenye mikanda ya video. Mwanamke fundi anaingia kwenye lifti ya jengo kuukuu, na kila mlango unapofunguka anajikuta katika mji uleule, lakini wa dunia nyingine. Nyumba ni zilezile, majirani walewale, ila kuna jambo moja limekwenda upande. Anafuatana na mzee mmoja mwenye kofia. Sisi wenyewe lifti hatukuwahi kuiona kwa macho, kwa hiyo hiyo lifti ilitushangaza sawasawa na hizo dunia.

Mikanda ilikuwa ya mjomba wetu tuliyelelewa kwake, kaka yake mama, karani wa bandarini, ambaye alipewa na baharia mmoja. Ilikuwa ya Kiingereza kitupu. Basi Jumamosi alasiri mjomba hukaa kitini kando ya televisheni, sisi tuko mkekani, naye anatutafsiria. Anaipandisha sauti akiwa mwanamke, anaishusha akiwa mzee, na panapotakiwa kukohoa anakohoa. Kwa maelezo yake, yule mwanamke alikuwa akimtafuta mumewe aliyepotelea katika dunia mojawapo, na yule mzee alikuwa baba yake mzazi, aliyemsindikiza ili mtoto wa kike asisafiri peke yake. Kulikuwa na dunia ambayo bahari imekauka na watu wanakwenda Pemba kwa miguu. Kulikuwa na dunia ambayo mkonge unapikwa kama mchicha. Kulikuwa na nyingine ambayo watu wote wanakula kwa mkono wa kushoto. Hiyo tuliijaribu nyumbani wakati wa chakula cha mchana, na hatukuijaribu tena.

Siku moja tuliamua kuhama kabisa. Lifti hatuna, tukaingia kwenye kabati la nguo la mkaza mjomba, yaani mke wa mjomba, tukajifungia humo katikati ya kanga na harufu ya udi. Tuliomba dunia ambayo hakuna chuo, maana maalimu wetu wa Kurani alikuwa na mkono mwepesi. Tulipousukuma mlango, tulimkuta mkaza mjomba amesimama na mwiko.

"Haya, mmefika," akasema. "Na dunia hii nayo ina chuo. Chukueni juzuu zenu."

Sasa mdogo wangu ameikuta tamthilia yote mtandaoni, mpaka zile sehemu ambazo mjomba hakuwa na mikanda yake. Alipokuja likizo tuliketi sebuleni kwangu tukaifungua. Mimi nasomesha Kiingereza sekondari, kwa hiyo nilijiandaa kufaidi. Haikupita robo saa nikamtazama mdogo wangu, naye ananitazama.

Yule mwanamke hakuwa akimtafuta mume. Alikuwa anamkimbia. Na yule mzee hakuwa baba yake, alikuwa mwenye jengo. Mzee mwenyewe hana hata mvi. Nina wasiwasi kwamba nimemzidi umri. Bahari haikukauka popote, ule ulikuwa uwanja wa ndege. Wala hapakuwa na mkonge.

Tukaendelea kutazama, tunacheka mpaka machozi, mara mdogo wangu akaisimamisha picha.

"Dada, hapa si ndipo televisheni ya mjomba ilipokuwa ikiharibika?"

Kweli. Televisheni ile ilikuwa na ugonjwa wa waya. Mara kwa mara mjomba alilazimika kunyanyuka ghafla, akasimama mbele ya kioo na kanzu yake pana, akahangaika na nyaya za nyuma huku akisema tusubiri kidogo. Mdogo wangu akaiachia picha. Mwanamke na mwenye jengo wakasogeleana, wakabusiana. Tukatafuta mahali pengine pa waya mbovu. Wakabusiana tena. Televisheni ya watu ilikuwa nzima kabisa.

Jumapili tukabeba kompyuta tukaenda Kigombe, anakoishi mjomba tangu alipostaafu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, wanangu. Mbona mnacheka kabla hamjakaa?"

Tukamwonyesha. Alitazama, miwani imeshuka puani, vidole vinahesabu tasbihi. Mdogo wangu akauliza kwa adabu ya kupita kiasi, "Mjomba, huyu mzee ni nani wake?"

"Ni baba yake."

"Mjomba, wanabusiana."

Mjomba akaisogeza kofia yake. "Sasa mlitaka niseme nini? Mwanamke na mwanamume, si mahramu wake, wanalala nyumba moja, na mama yenu amewaleta kwangu mpate adabu? Nikampa baba. Nilimsitiri."

"Na mkonge je?"

"Mkonge ulikuwa mzuri," akasema, na hapo hakuona haya hata kidogo.

Mkaza mjomba alikuwa mlangoni akipepeta mchele. "Waambie ukweli," akasema. "Kiingereza chake kilikuwa cha kusoma maandishi ya makasha. Juu, chini, usiloweshe. Hicho ndicho alichokuwa anatafsiri."

"Nilikuwa naelewa!"

"Ulikuwa unaelewa nini? Mimi nilikuwa jikoni nasikiliza. Mume alikuwa anaitwa Saidi leo, kesho Hamisi."

 Mjomba akatuomba tumwekee zile sehemu ambazo hakuwahi kuziona, na mimi nimtafsirie. Nikaanza kwa uaminifu wote wa mwalimu. Hakuvumilia.

"Mbona unasoma kama taarifa ya msiba? Mwanamke amefika dunia mpya, mtie pumzi basi! Anahema!"

"Hahemi, mjomba."

"Amepanda lifti, lazima aheme."

Nikahema. Mkaza mjomba akauweka chini ungo, akasema anapumzika kidogo tu, akakaa. Tukafika mahali ambapo mlango wa lifti unafunguka na mwanamke anamkuta mumewe, yule aliyemkimbia, lakini wa dunia nyingine: mpole, amepika chai, anamwita kwa jina zuri. Anamwomba abaki naye.

"Abaki," akasema mjomba. "Mume ndiye huyo, kapatikana."

"Asibaki!" mkaza mjomba akaruka. "Chai ya siku ya kwanza hiyo. Kila mmoja anapika siku ya kwanza."

"Mimi nimekupikia chai miaka yote."

"Ya kwako naijua. Usinifanye nikaisema mbele ya watoto."

Sisi watoto, wenye mvi zetu, tukainamisha vichwa tusicheke. Adhana ya magharibi ikaadhiniwa, mjomba akanyanyuka kutia udhu, na kompyuta nayo ikaishiwa chaji. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Tukaaga na swali likabaki hewani, nao wanaendelea kubishana, mmoja kisimani, mwingine jikoni.

Njiani kurudi, hatujafika Tongoni, simu yangu ikaita. Alikuwa mkaza mjomba, ananong'ona.

"Mjomba wako bado yuko msikitini. Niambie upesi. Ninyi si mmeshaiona yote? Alibaki au aliondoka?"

"Aliondoka, mkaza mjomba. Alikunywa chai, akashukuru, akarudi kwenye lifti."

Akashusha pumzi ndefu. "Alhamdulillahi. Basi mjomba wako msimwambie. Mwacheni aje aone mwenyewe Jumapili ijayo, nami nitakuwa nimeshika mchele wangu kama sijui kitu."

Mdogo wangu alikuwa anaendesha gari huku anacheka, ikabidi asimame kando ya barabara mpaka amalize.