Mlango Alioupata Ulikuwa Wake

Saa tatu asubuhi, Mama Hadubini, kama wanavyomwita wenzake, anafuta miwani kwa ncha ya koti lake jeupe na kuinama tena. Chini ya lenzi ipo prosesa ya kompyuta, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Kazi yake ni kuhakikisha hakuna aliyeficha humo mlango wa nyuma, njia ya kuingilia mashine kinyemela.

Ameifanya kwa miaka thelathini na moja. Wiki iliyopita, ndani ya prosesa kuukuu iliyotoka mitambo ya maji, aliupata mlango. Aliuchora yeye mwenyewe, ujanani.

"Niliutambua papo hapo," anasema. "Kazi ya mkono wako huwezi kuisahau."

Enzi hizo alikuwa mbunifu wa prosesa; walikuwa saba, chumba kimoja. Ramani ya prosesa waliitandaza sakafuni, wakavua viatu na kutambaa juu yake na penseli za rangi, huku wakichekana soksi zilizotoboka. Raha iliyoje!

Mwalimu wao alitaka fundi awe na pa kupenya mashine ikigoma. "Tuachie kiupenyo hapo, binti yangu," alimwambia. "Tutakiziba kabla prosesa hazijatoka kiwandani."

Hakikuzibwa. Waliaminiana mno, hakuna aliyekagua kazi ya mwenzake. Leo prosesa hizo zinaendesha pampu arobaini, na anayeujua mlango huo anaweza kuukatia mji mzima maji.

Jumamosi alimwendea mwalimu, ambaye siku hizi hatoki kitandani.

"Nilisahau, mwanangu," mzee alisema, machozi yakimlengalenga. "Andika kosa ni langu. Mimi watanifanya nini?"

"Hapana, Baba. Mkono ulikuwa wangu."

Amebakiza miezi miwili astaafu. Bosi wake amemnong'oneza aripoti mlango bila kusema nani aliuchora, maana akijitaja, kiinua mgongo chake kinaweza kuota mbawa. Hakulala siku mbili.

"Ile sakafu naikumbuka mpaka naumwa," anasema. "Lakini watu wanakunywa maji, hawanywi kumbukumbu zangu."

Ripoti imeshaondoka, na jina lake limo. Sasa anaomba aruhusiwe kufuatana na mafundi, pampu kwa pampu, mpaka prosesa ya mwisho ing'olewe.

"Tukimaliza hapo," anasema, "wakague na kazi zangu nyingine zote. Wasinionee haya."