Kuwahi Kunyonyesha Likombe

Mwaka ule nilichoka kuliko miaka yote. Nilikuwa mpiga taipu bomani Mtwara, na tulipanga nyumba Likombe, mbali na boma. Mume wangu alifundisha shule ya Mpapura, nyumbani alirudi Jumamosi tu. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa bado mchanga, anabaki na yaya, na chupa hakuitaka hata umbembeleze vipi. Kwa hiyo kila saa sita ilinibidi nikimbilie nyumbani, nimnyonyeshe, nirudi kabla bwana mkubwa hajaanza kuniulizia.

Nilianza na basi. Lile halikuwa na saa, liliondoka likijaa. Msimu wa korosho ndiyo usiseme, magunia yaliheshimiwa kuliko mimi. Kondakta anabishana na mwenye gunia, mimi nimekaa blauzi inalowa maziwa.

Bwana mkubwa akanionea huruma, akasema niwe napanda naye Landrova ya ofisi. Gari raha, nani atabisha? Ila ilipita kwanza kwake, ikasimama kila alipoona mtu wa kusalimiana naye, na mimi nimekaa mbele kama mke mdogo. Wiki haikuisha, maneno yakafika Mpapura. Nikamshukuru bwana mkubwa, sikupanda tena.

Ikabaki baiskeli ya mume wangu. Ya kiume, yenye bomba la juu, na mimi na sketi yangu. Nilijifunzia uani, majirani wakacheka mpaka wakachoka. Niliipenda kwa sababu haikumsubiri mtu. Lakini jua la saa sita na ule mchanga wa njiani vilinimaliza. Nikifika kazini tena, kila barua naichapa mara mbili kwa makosa.

Siku moja tairi likapasuka katikati ya njia. Nikaisukuma. Basi likanipita, kondakta akanipungia mkono. Landrova nayo ikanipita, ikaniachia vumbi. Nililia kwa hasira, peke yangu, huku maziwa yakichuruzika mpaka kiunoni.

Nilipofika nyumbani palikuwa kimya. Nikaogopa. Yaya akatokeza, akanionyesha nyumba ya pili kwa kidole. Jirani yangu, Mmakonde mwenye binti mchanga, alikuwa amekaa mkekani, binti yake mkono huu, mwanangu mkono huu. Mwanangu alikuwa amelala, mdomo bado una maziwa.

"Pole, mama," akasema. "Kalia mpaka sauti imekauka. Nikaona nimtie ziwa. Ila ujue, kwetu Waislamu, hawa sasa ni ndugu. Wakikua wasije wakaoana."

Nikamwambia ahsante, na ilitoka moyoni. Wivu nao ulitoka hukohuko. Nilitaka kumchukua mwanangu, lakini angeamka, na alikuwa ameshiba. Nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikakamulia maziwa yangu kwenye bakuli nikiwa nimesimama. Yakajaa. Nikayamwaga uani, nikabadilisha blauzi, nikarudi kazini kwa miguu.