Mbuke na Mashine Iliyogoma Kuamka

Mbuke binti Ndalahwa alikuwa na miaka ishirini na saba, na kwa miaka mitatu ndiye aliyeendesha kompyuta ya ofisi ya mbolea pale Mbeya. Baba yake alihama na ng'ombe kutoka Shinyanga hadi Usangu, mkoa huo huo wa Mbeya, Mbuke akiwa bado ananyonya, lakini mjini waliendelea kumwita mtu wa kuja. Alipanga chumba Ilomba, akaenda kazini kwa miguu, na hakuwa na maneno mengi. Ukimya huo nao ulionekana dosari mwezi ule wa Novemba 1978, vita vikiwa vimeanza Kagera na redio ikihimiza kila mwananchi awe macho.

Siku hizo ndipo Alawi alipofika kutoka Dar es Salaam. Alikuwa fundi, mtu wa pwani, mwenye suruali iliyopigwa pasi na mkoba wa ngozi asioutua hata akinywa chai. Mkobani mlikuwa na utepe wa karatasi uliotobolewa matundu, na ndani ya matundu hayo, alivyoeleza, mlikuwa na maagizo mapya ya kuiamshia mashine. Mbuke alimwuliza yale ya zamani yana kasoro gani. Alawi akatabasamu, akasema wakubwa ndio wanaojua. Mbuke hakulipenda tabasamu lile.

Kazi ilianza saa nne asubuhi, meneja, Mzee Isakwisa, akiwa amesimama mlangoni mikono nyuma. Utepe ulipofika nusu, umeme ulikatika. Haikupita hata dakika moja ukarudi, ila mashine haikurudi nao. Maagizo mapya yalikuwa yakiandikwa juu ya yale ya zamani, kwa hiyo sasa ilibaki na nusu ya haya na nusu ya yale, haijui hata namna ya kusoma utepe. Majina ya vijiji vyote vilivyokuwa vikingoja mbolea kabla ya mvua yalikuwa salama kwenye tepu za sumaku, lakini hapakuwa na wa kuyasoma.

Alawi aliomba utepe wa zamani. Mbuke akafungua kabati, akatoa mkebe wake, akafunua. Mkebe ulikuwa mtupu.

"Ufunguo anao nani?" Alawi aliuliza.

"Mimi," alijibu Mbuke.

Mzee Isakwisa alimtazama Mbuke, kisha akautazama mkoba wa Alawi, kisha akawaambia wote wawili wasitoke uani mpaka atakapowaita. Mchana kutwa aliwaita mmoja mmoja. Mbuke aliulizwa ndugu zake wa Usangu ni akina nani na huwatembelea mara ngapi. Alipotoka alimkuta Alawi kwenye benchi, nao hawakuangaliana. Mbuke alikuwa na hakika moyoni: huyu ndiye aliyeuchukua, alikuja kuiua mashine, na umeme umemfichia aibu tu. Hakujua kwamba Alawi alikuwa amekwisha kumwambia meneja maneno kama hayo juu yake.

Jioni Mbuke aliomba kuonana na mzee. Alimweleza kwamba mashine ile ina safu ya swichi kumi na mbili mbele, na kwamba mtu akizipanga juu na chini kwa mpangilio maalumu, mara kumi na sita, anaweza kuifundisha tena kusoma utepe. Mpangilio aliunakili daftarini siku za mafunzo. Kilichokosekana ni utepe wenyewe, na nakala yake aliiweka Iringa, kwenye ofisi yao ya mtaa wa Mlandege.

Mzee Isakwisa aliweka kalamu chini. "Nani alikuruhusu kutoa nakala, Ndugu Mbuke?"

"Hakuna, mzee. Niliogopa siku kama ya leo."

"Au uliijua siku ya leo."

Hata hivyo hakuwa na njia nyingine. Alfajiri Mbuke alipanda basi la Iringa, na kiti cha nyuma yake alikaa Yohane, mgambo wa ofisi, aliyeagizwa asimpoteze machoni. Kila basi liliposimama, Yohane naye alisimama. Walipofika Makambako, Mbuke alinunua mahindi ya kuchoma mawili, akampa moja. Yohane alilishika muda mrefu bila kulitafuna, mpaka alipomwona Mbuke amelimaliza lake lote.

Huko Mlandege, mtunza stoo aliitwa Leokadia. Yeye na Mbuke walikuwa wamelala chumba kimoja miezi minne ya mafunzo, lakini safari hii Leokadia hakumkaribisha kukaa. Alimtazama mgambo, akataka barua, akaisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kingine. Kabla ya kuutoa utepe alimvuta kando.

"Niambie kweli, dada. Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu."

Leokadia alimpa utepe, ila akamsainisha mahali pawili.

Siku iliyofuata, alasiri, Mbuke alikaa mbele ya mashine, meneja kushoto kwake na Alawi kulia. Alipanga swichi mstari kwa mstari, akisoma daftarini. Kwenye mstari wa kumi na moja Alawi alimshika mkono, akasema swichi ya tano ilipaswa kuwa chini. Mbuke aliganda. Hii ilikuwa hila ya mwisho, au msaada? Aliinamisha uso karibu na ukurasa: wino ulikuwa umevuja, na kilichoonekana kama alama kilikuwa doa. Aliishusha swichi. Hakushukuru.

Utepe wa Iringa ulipita wote. Taa zilicheza, na mashine ya kuchapa ikaanza kugonga majina: Idodi, Igurusi, Chimala. Mbuke alitaka kulia, akajizuia kwa sababu alijua machozi nayo yangetafsiriwa.

Ndipo Mzee Isakwisa alipowaita ofisini kwake, akafungua droo na kuweka utepe wa zamani mezani. Alisema aliutoa mwenyewe kwa ufunguo wa akiba, usiku wa kuamkia siku fundi alipoanza kazi, kwa kuwa hakumwamini mgeni. Na mashine ilipokufa aliona anyamaze, aone nani atajitia kuuokota.

"Nchi iko vitani," alisema, na hiyo ndiyo radhi aliyoiomba.

Alawi aliondoka kesho yake. Stendi alimwambia Mbuke kwamba siku zile zote aliamini ni yeye Mbuke aliyeuchukua utepe. Mbuke akamjibu kwamba naye alimdhania hivyo hivyo. Walipeana mikono.

Mwezi wa Januari Mbuke aliomba uhamisho wa kwenda Iringa, akapewa bila maswali. Meneja alimwandikia barua ya sifa: mwaminifu, hodari, mwenye kuona mbele. Aliisoma ndani ya basi mara tatu, akisitasita kwenye hayo maneno ya mwisho, asijue yaliandikwa kwa nia gani.