Gurudumu Lililoungua Njia ya Dodoma

Ipo siku moja ya enzi za Mjerumani, mwanangu, ambayo sijaisahau hata leo. Nilikuwa kijana, dereva wa Mjerumani mmoja mpima ardhi, na motokaa ile ilinitia kiburi. Tukipita vijijini huku Ugogo, watu walitoka nyumbani kunitazama.

Siku hiyo jiwe lilimwangukia rafiki yangu Ndahani, mvunja mawe, likamponda mguu. Bwana akaniamuru nimkimbize kwa daktari Dodoma. Mama yake akapanda nyuma, akampakata kichwa.

Mvua ilikuwa imenyesha. Tulipofika kwenye mwinuko wenye mwamba na tope juu yake, tukakwama. Nikakanyaga mafuta. Magurudumu yakazunguka, motokaa haikusogea. Nikakanyaga zaidi, sasa kwa hasira. Mpira ukanuka, moshi ukapanda, tukaanza kurudi nyuma.

"Acha, baba!" mama akasema. "Unamkomoa nani? Gurudumu linazunguka bure, halijaishika ardhi. Hata punda ukimchapa kwenye utelezi, ataanguka tu."

Nikaona aibu, nikaacha. Akavua kaniki aliyojitanda, akaisukuma chini ya gurudumu. Mimi nikakwangua tope, nikamwaga changarawe.

"Sasa nenda taratibu," akasema. Tukapanda.

Lakini mpira ulikwisha kuungua, umebaki mwembamba. Mbele kidogo ukapasuka. Nikambeba Ndahani mgongoni, tukipokezana na wapita njia, tukafika jua likizama. Daktari alisema tungewahi, mguu ungepona. Akaukata.

Ndahani aliishi, akaoa, akazaa. Jiwe hakuvunja tena. Na mama yake hakunilaumu hata siku moja. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Sasa nawe unajifunza udereva, mwanangu, basi nisikilize. Tairi hupeleka gari kwa kuishika ardhi. Ukiizungusha kupita uwezo wa ardhi kuishika, huteleza, husuguana papo hapo, hupata moto, huungua; na kadiri unavyokanyaga ndivyo inavyozidi kuteleza. Ukiona moshi, ondoa mguu. Shuka, tazama chini pana nini. Na hasira ikikupanda, hata nyumbani kwako, fanya vivyo hivyo kabla hujamuumiza mtu.

Mungu akupe mguu mwepesi na moyo mtulivu, na kila utakayempakia umfikishe salama kwa wanaomngoja. Amina.