Mkono wa Kushoto Ulivyopiga Ngoma

Jumamosi kwenye ukumbi wa mtaa, Shauri Moyo, msichana mmoja alikuwa anacheza na kidude kinachohisi misuli kimefungwa mkononi. Akiusogeza tu mkono, spika inalia ngoma. Akaita watoto wajaribu, binti yangu akajitokeza. Nikaharakisha kumwambia, "Mfunge mkono wa kulia, dada, wa kushoto ulipooza alipougua."

"Wacha uoga, mamake," akasema, akafunga wa kushoto.

Spika hailii. Watu wanatazama, mimi natamani kumbeba nikimbie. Mara spika ikalia du, taratibu, halafu du tena.

"Mum, ni mimi!"

Mimi sikuwa nimeona hata kidole kikisogea. Asante sana, dada. Siku hizi nikimvisha sweta siuvuti tena ule mkono, nauacha uingie wenyewe, na shuleni tunachelewa kila asubuhi. Mwalimu atuvumilie.