Vidonge Vilivyonyang'anya Hasira

Baba alirudi kutoka hospitali ya Musoma na vidonge vya presha na malalamiko mapya. Vidonge, alidai, vilikuwa vimemnyang'anya hasira.

"Nikigombana na mtu moyo unakaa tu, kama ng'ombe aliyeshiba," alimwambia nesi wa zahanati yetu, nje kidogo ya Bunda. "Nilikuwaga mtu, mwanangu. Sasa mimi ni nani?"

"Mgonjwa anayeendelea vizuri," nesi alijibu, vidole kwenye mkono wake, macho kwenye saa. Kila alipokuja alihesabu mapigo, kwa kuwa vidonge vile hupunguza mbio za moyo, na zikipungua mno daktari lazima ajue. Tena alimwonya asiviache ghafla. Moyo ungeweza kurudi mbio kwa kishindo, ukamuua.

Mimi, nikiwa likizo ya chuo kikuu, nilimfafanulia jambo hilo kwa mifano. Alisinzia kabla sijafika kwenye mfano niliouona mzuri.

Tatizo lilikuwa kikao cha kijiji. Shamba la pamoja la pamba lilitakiwa lipite kwenye zizi la baba, naye aliamini kwamba bila hasira zizi limekwenda. Asubuhi ya kikao mama alikikuta kidonge cha baba kwenye majivu ya jikoni. Nilihutubia. Baba alivaa koti. Ikabidi nesi aitwe.

Nesi hakuhutubia. Alimsimamia akameza kingine, akamwambia, "Fungua mdomo, baba. Inua ulimi." Kisha akachukua kigoda. "Twende wote."

Kikaoni alikaa ubavuni mwake, amemshika mkono. Mwenyekiti akatutazama, akakohoa.

"Nesi, azungumze?"

"Azungumze. Ila akae, asije akapata kizunguzungu."

Baba alizungumza amekaa. Alimtaja kila ng'ombe na ukoo wake, akamtukana mwenyekiti kwa adabu zote, akaiita pamba mwizi. Waliokuwa barabarani walisikia. Kikao kiliahirisha suala la zizi, kwa jinsi vikao vyetu vinavyoahirisha: hadi leo.

"Mapigo?" baba aliuliza, jasho likimtoka.

"Yaleyale ya asubuhi."

Aliutazama mkono wake kama anayemtazama ndugu asiyefika msibani.

Kesho yake alidai kidonge mwenyewe.

"Lete," alisema. "Kumbe nilikuwaga nagomba kwa mdomo tu."